Breki Mpya za Mama Mkwe

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Songea ananiuliza kama breki zilishika. Hakuna anayeuliza kama nilifika salama, kama nilikula, wala kama ziwa ni zuri. Nimechoka kusimulia nusunusu nikiwa nimesimama dukani, kwa hiyo nimeamua kuandika yote mara moja, asome anayetaka. Jibu fupi ni kwamba zilishika. Zilishika sana, na matatizo yetu yalianzia hapo.

Songea, juu ya mawe

Mama mkwe wangu anaishi Maposeni. Mdogo wake, Mama Kunigunda, aliolewa ziwani, Mbamba Bay, na mwaka huu macho yake yameanza kuzimika. Alituma ujumbe kwamba dawa amechoka nazo. Anachotaka ni kumwona dada yake usoni wakati bado anaona kitu. Ujumbe ulikuja mara ya kwanza, ukaja tena, na aliyeuleta mara ya mwisho alisema bibi huyo sasa hamtambui mtu mpaka amsogelee karibu kabisa, tena juani.

Mama mkwe alitaka sana kwenda. Shida ilikuwa mteremko. Ile barabara ya kutoka Mbinga kwenda ziwani inashuka milima ya Umatengo kwa kona zisizoisha, na yeye alishaijaribu kwa basi. Katikati ya mteremko alimwomba kondakta amshushe, akapanda kwa miguu kurudi alikotoka, mzigo kichwani. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuitaja njia hiyo mbele yake. Safari hii alileta sharti kupitia kwa binti yake, yaani mke wangu Otilia: atapanda gari la mkwe, lakini siyo na breki zile.

Breki zile zilikuwa na historia. Gari langu ni la zamani, la kupandia milima, magurudumu yote manne yanavuta, na majirani wangu wa Lizaboni wanaliita Nduna, kama jemadari wa Wangoni, kwa sababu halimpishi mtu. Halimpishi mtu kwa kuwa lilikuwa haliwezi kusimama. Ulikuwa ukikanyaga breki, unakanyaga tena, halafu unasubiri gari lifikirie. Siku moja lilifikiria mpaka likaingia kwenye mahindi ya jirani wa mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe alikuwa ndani.

Basi nikalipeleka Majengo kwa Fundi Ausi, mtu wa Tunduru, mcha Mungu na mwenye mkono mzuri. Alilala chini ya gari, akatoka, akasema breki za ngoma za mbele tuzitoe, tufunge za diski, na busta kubwa zaidi ili mguu usipate tabu. Wiki moja, inshallah. Wiki hiyo ilikuwa na siku nyingi kuliko za kawaida. Kalipa, kile chuma kinachobana diski, zilitoka Dar es Salaam kwa basi. Ya kwanza ilikuwa ya upande wa kulia, na ya pili ilipofika nayo ikawa ya upande wa kulia. Wakati tunasubiri ya kushoto, Nduna akiwa juu ya mawe, kuku wa mama ntilie wa jirani akaamua kuatamia mayai yake chini ya injini. Kalipa ya kushoto ilipofika, Fundi Ausi alikataa kuligusa gari mpaka vifaranga vitoke. Alisema yule naye ni mama na ana haki zake. Kila jioni mke wangu alikuwa akiniuliza habari za breki, nami nikawa namjibu kwa habari za mayai.

Siku ya kunikabidhi ufunguo aliniambia mambo mengi, moja likiwa kwamba mteremkoni gari lishikwe na gia, breki ni za kusimamia. Nilitikisa kichwa kama mtu yeyote anavyotikisa kichwa akiwa ameshika ufunguo wa gari lake. Nilikwenda kulijaribu Lizaboni. Nilipokanyaga, gari lilisimama pale pale, mimi nikaendelea mpaka kwenye usukani. Nilifurahi kama mtoto.

Songea hadi Maposeni

Msionijua vizuri, mimi ni mtu wa Singida. Kazi ya kupima ardhi ndiyo iliyonileta Songea, na Otilia ndiye aliyenizuia kuomba uhamisho. Kwetu ni tambarare. Ukizima gari linabaki ulipoliacha. Nawaambia hili sasa ili mkifika mbele msinicheke kupita kiasi.

Familia ya mke wangu bado wanashika heshima ya ukwe kama walivyoikuta. Mama mkwe na mkwe mwanamume hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na hawasemeshani ila kwa kupitia mtu wa tatu. Miaka yote ya ndoa yangu nimemjua mama mkwe kwa sauti na kwa visigino. Nikimwona kwa mbali njiani, mmoja wetu lazima aingie shambani. Kwa kawaida naingia mimi.

Otilia alikuwa zamu hospitali, kwa hiyo mtu wa tatu akawa kaka yake, shemeji Kolumba, mwalimu wa kwaya mwenye sauti ya kutosha watu wawili. Yeye alikaa mbele na mimi. Mama mkwe alikaa nyuma yangu kabisa, na jogoo mwekundu wa kumpelekea mdogo wake, gunia la unga, maharage, na mwavuli. Kabla hajapanda nilikigeuza kile kioo cha ndani kikatazama dari, macho yetu yasije yakakutana humo kwa bahati mbaya. Kwa hiyo tuliondoka na breki mpya na bila kioo.

"Kolumba," ilisema sauti nyuma ya kichwa changu, "mwambie shemeji yako asikimbize gari."

"Shemeji, mama anasema usikimbize gari."

"Mwambie nimesikia."

"Mama, amesikia."

Tulikuwa bado hatujatoka uani kwake Maposeni.

Maposeni hadi Mbinga

Hapa pangekuwa pa kuandika juu ya mandhari, lakini ukweli ni kwamba sikuona mandhari. Nilikuwa natafuta sababu za kusimama. Nilisimama kwa ajili ya mbuzi ambao walikuwa wameshavuka. Nilisimama kumpisha mwendesha baiskeli aliyekuwa anakuja upande wake. Karibu na Kigonsera nilisimama kununua viazi vitamu vya kuchemsha ambavyo hakuna aliyeviomba, na nilisimama vizuri mno, kwa mstari ulionyooka, hata mwuzaji akarudi nyuma hatua. Kila mara mama mkwe alimtuma Kolumba aniulize nimesimamia nini, na kila mara Kolumba alirudisha jibu kwamba shemeji anazijaribu breki.

"Mwambie zimeshajaribika," akasema mama mkwe.

Kolumba hakulifikisha lile, kwa sababu ya hali yake. Kusimama kwangu kulikuwa kumeanza kumchafua tumbo. Aliacha kuimba, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya, akatoa kichwa dirishani na kukaa hivyo mpaka tukaziona nyumba za Mbinga.

Mbinga, nyuma ya mgahawa

Njaa ilikuwa imetukamata sote, ila mama mkwe hawezi kutafuna mahali ninapoonekana, wala mimi anapoonekana yeye. Mgahawa tulioupata ulikuwa na chumba kimoja. Nikamwacha yeye na Kolumba wakae, nikazunguka nyuma, jikoni, nikaomba sahani yangu pale pale kwenye ndoo za kuoshea vyombo.

Mwenye mgahawa, mama mnene mwenye huruma, aliniuliza kama wenye gari wananinyanyasa. Nilimwambia hapana, gari ni langu. Akanitazama, nimechuchumaa na sahani mapajani, akasema pole, madereva wengi husema hivyo. Akaniongezea nyama. Kisha akaenda mbele akamwambia Kolumba, kwa sauti ya kusikika na wateja wote, kwamba dereva naye ni mtu na angeweza kupewa kiti. Kolumba alijaribu kumweleza kwamba mimi ni mkwe. Yule mama alisema hilo ndilo baya zaidi. Yeye naye ametoka mkoa mwingine kama mimi, na wali wake ulikuwa mzuri, maharage yameungwa kwa karanga.

Tukiwa bado Mbinga, Kolumba alipita duka la dawa akanunua vidonge viwili vya kuzuia kutapika safarini, kimoja chake na kimoja cha mama. Mama mkwe alisema hajawahi kutapika katika maisha yake, ataanzia wapi. Kolumba hapendi kuona kitu kinatupwa. Alivimeza vyote viwili.

Mteremkoni

Baada ya Mbinga barabara inajikusanya milimani, halafu ghafla inaanza kushuka, na Kolumba akaanza kushuka nayo. Kwanza kidevu kiligusa kifua, halafu bega liligusa mlango, halafu akakoroma. Nikabaki na lami nzuri, kona baada ya kona, na breki ambazo nilikuwa nimezisubiri muda wote ule.

Nilizitumia. Gia niliiacha kubwa, gari likateleza lenyewe, na kabla ya kila kona nikawa nakanyaga polepole, nalisikia likitii. Sikuwa nimewahi kutiiwa namna hiyo na kitu chochote. Kwa mbali chini ziwa lilionekana, likapotea, likaonekana upande mwingine. Nilisikia harufu ya kuungua nikajisemea kwamba watu wa huku wanachoma mashamba mapema mwaka huu.

Nyuma yangu mama mkwe alianza kumwita mwanawe. Alimwita kwa jina, akamwita kwa jina la marehemu babu yake, akamgonga bega kwa mpini wa mwavuli. Kolumba alikoroma kwa sauti ya pili. Kisha nikasikia haya, kwa utulivu kabisa:

"Jogoo, mwambie aliyeshika usukani kwamba gurudumu la mbele linatoa moshi."

Nilisikia kila neno. Lakini Otilia alinifunza vizuri tangu siku za uchumba: neno ambalo halikupita kwa mtu wa tatu hukulisikia, na ukilijibu umemvunjia mama heshima. Nikaanza kujiuliza kama jogoo ni mtu wa tatu. Nilikuwa sijafundishwa habari za jogoo. Labda mama alikuwa anaongea na kuku wake kama wanavyofanya wazee, na mimi nikirukia maneno hayo ningeonekana mkwe asiye na adabu, tena wa Singida. Kwa hiyo nilinyamaza, nikaonyesha uso wa mtu asiyesikia, nikakanyaga breki kwa ajili ya kona iliyofuata.

"Jogoo," akasema, "na wewe pia ni kiziwi?"

Kona ile tuliipita. Ya mbele yake ilikuwa kali, kushoto ukuta wa mlima, kulia hakuna kitu. Nikakanyaga, na mguu wangu ukaenda mpaka chini bila kukutana na chochote. Nikakanyaga tena. Ilikuwa laini kama kukanyaga unga. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema: niliogopa hadi midomo ikafa ganzi, na mikono ikabaki imeshika usukani bila kujua la kufanya.

"Baba Neema."

Hakuna Kolumba wala jogoo. Sauti ilikuwa pale pale nyuma ya sikio langu.

"Baba Neema, gari linaungua. Lisimamishe kwenye ukuta wa mlima."

Nilirudishwa akilini na jina la mwanangu, sidhani kama ni kitu kingine. Niliingiza gia ya chini, injini ikalia, nikavuta hendibreki, nikalipeleka gari kushoto. Nduna aliingia mtaroni, akasugua ubavu kwenye udongo mwekundu, akasugua tena, akasimama. Moshi ulitupita ukaenda zake mbele. Jogoo akawika.

Kolumba akafumbua macho. "Tumefika?" akauliza.

Mteremkoni, kwa miguu

Nilikaa ukingoni mwa barabara nikiwa nimempa mama mkwe mgongo, kwa sababu sikujua tena sheria gani inatumika. Alishanisemesha. Kolumba, aliyekuwa amepata usingizi mzuri kuliko sote, alisema kwao neno la namna ile likitoka ni lazima kupelekeana kuku ili heshima irudi, na kwamba kuku tunaye. Mama yake alimwambia afunge mdomo.

Pikapu ya dagaa iliyokuwa inapanda ikasimama. Dereva wake alishuka, akainusa ile harufu, akainama kwenye gurudumu bila kuligusa.

"Breki mpya?"

"Mpya kabisa," nikasema.

"Ndo maana." Akaeleza, akiwa anatafuna dagaa mmoja mmoja kutoka mfukoni, kwamba pale huwa anawakuta wenye breki mpya tu. Wenye breki mbovu wanashuka salama kila siku, kwa sababu hawaziamini, wanashuka na gia. Akanikataza kumwagia maji diski zikiwa za moto. Zikipoa zenyewe, alisema, breki zitarudi, na nikianza tena mguu ukae mbali kama vile pale hakuna kitu. Akatuachia konzi ya dagaa, akaondoka. Nilimtafutia Fundi Ausi lawama nikakosa, kwani alikuwa ameniambia yaleyale bila dagaa.

Tulisubiri. Jua lilikuwa linaanza kuegemea upande wa ziwa. Tulipogeuka, mama mkwe alikuwa amejitwisha gunia la unga, jogoo kwapani, mwavuli mkononi, amesimama katikati ya barabara. Kolumba alinong'ona, "Anarudi Mbinga. Imekwisha, shemeji." Nilimfikiria yule mdogo wake anayesogea juani kutafuta nyuso za watu. Nilijiona tayari nikimweleza Otilia kwamba mama yake alikuwa amekubali, tena kwa mara ya kwanza, na mimi ndiye niliyemrudisha.

Mama mkwe aliutazama upande wa mlima, akautazama upande wa ziwa. Akaanza kutembea kuelekea ziwani.

Hakuaga. Tulibaki tunaangalia visigino vyake vikishuka. Kolumba alimkimbilia akarudi peke yake, na ujumbe kwamba mdogo wake hana muda wa kungoja vyuma vipoe.

Vilipopoa tulilisukuma gari kutoka mtaroni kwa msaada wa vijana wa pikipiki, nikashuka kwa gia ya kwanza, mguu wangu wa kulia nimeukalia nusu ili usishawishike. Tulimkuta mbali sana, mbali kuliko nilivyodhani mwanamke wa umri ule angefika na gunia. Hakusimama. Tukamfuata nyuma kwa mwendo wake, injini inanguruma, yeye mbele na jogoo, kona mbili nzima. Watu wa shamba la mihogo waliacha majembe wakatutazama. Mmoja alimuuliza Kolumba kama tunamsindikiza bibi harusi.

Hatimaye akasimama. Akampa Kolumba gunia, akampa jogoo.

"Wewe kaa nyuma," akamwambia. "Mimi nakaa mbele. Nataka kuuona mguu wake."

Akapanda. Alikaa pembeni yangu, ameshika mwavuli, uso ameuinamisha, na macho yake hayakutoka kwenye mguu wangu wa kulia mpaka tukamaliza mteremko. Ulipohama kidogo tu, mwavuli uligonga sakafu. Hakuna neno lililohitajika, wala mtu wa tatu. Sijawahi kuendesha vizuri namna ile, na sitarudia.

Mbamba Bay

Tulifika jua likiwa bado juu ya maji. Mama Kunigunda alikuwa ameketi mlangoni kwake, amegeukia kwenye mwanga, kama tulivyoambiwa. Aliposikia gari akainuka. Mama mkwe alishuka kabla sijazima injini.

Hawakukumbatiana kwanza. Yule mdogo alimshika dada yake mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye jua, akausogeza uso wake karibu mpaka pua zikakaribia kugusana. Akamsoma hivyo muda mrefu, paji la uso, macho, mdomo. Kolumba alikuwa analia waziwazi, na mimi nilijifanya nakagua gurudumu.

"Umezeeka," akasema Mama Kunigunda.

"Na wewe hujambo," akasema dada yake. Wote wawili wakacheka, halafu ndipo wakakumbatiana.

Mimi nilibaki kwenye gari. Mdogo wa mama mkwe naye ni mama mkwe, kwa hiyo nilisimama mbali inavyotakiwa, nimeinamisha kichwa, nikasalimia kupitia kwa Kolumba. Yule mama alielekeza uso upande wangu, akakaza macho, akatikisa kichwa.

"Naona kitu cheusi, labda ni mtu, labda ni mti," akasema. "Huyo ndiye mkwe? Anafananaje?"

Mama mkwe aliangalia miguu yangu.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kumtazama."

"Basi mtazame, unieleze. Macho yangu hayamfikii tena."

Kolumba akakohoa. Mama mkwe alikuwa bado ameushika mkono wa mdogo wake. Kisha akageuka. Alianzia miguuni, alikozoea, macho yakapanda polepole, shati, shingo, yakafika usoni pangu, yakatulia. Sikujua ya kwangu niyapeleke wapi, nikayaacha pale pale. Ana macho ya Neema. Nilikuwa sijui mwanangu aliyatoa wapi.

"Ni mwembamba," akamweleza mwenzake, bila kuniacha. "Masikio makubwa. Ana kovu kwenye nyusi. Ameogopa sana leo, bado inaonekana." Akaendelea kunitazama. "Si mbaya. Nilikuwa nikifikiri ni mbaya."

Mama Kunigunda alifumba macho yake, akatabasamu.

"Haya," akasema. "Nimemwona."